Siku Tisa Wodini

(Hotuba iliyotolewa na sheikh mmoja wa Jumuiya mbele ya Waislamu wa Busia na Tororo, baada ya Sala ya Ijumaa)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mwenye kuponya na Mwenye kuondoa dhiki, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. 

Bwana Katibu aliponitaka nizungumze leo, alidhani nitachagua fadhila za elimu au fadhila za sadaka, kama ilivyo ada yangu. Nikamwambia kuwa safari hii nitazungumza juu ya tumbo langu. Akacheka, na naona baadhi yenu mnacheka vile vile. Chekeni, kwani kicheko si haramu. Lakini kabla sijamaliza nina neno moja zito la kuungama mbele yenu, na kwa ajili ya neno hilo ndipo nilipokubali kusimama hapa.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, mwaka 1444, nao ni Machi 2023 kwa hesabu ya Kizungu. Siku ya Ijumaa nilishikwa na maumivu kuzunguka kitovu. Hayakuwa makali, nikadhani ni chakula. Usiku yakahama kitovuni, yakashuka upande wa kulia, yakakaa hapo kama msumari. Chakula nikakikataa, nikatapika, na homa ikaanza. Mke wangu akasema, "Mwalimu, twende hospitali." Nikamwambia angoje. Nikaandika kombe kwa zafarani katika sahani, nikaliosha, nikanywa.

Jumamosi sikuona nafuu. Nikachemsha sanamaki, kwani nimesoma sifa zake katika vitabu vya tiba ya Mtume, nikanywa bilauri mbili. Tumbo likaharisha na maumivu yakazidi. Jumapili alasiri maumivu yakakatika ghafla. Nikamshukuru Mungu, nikamwambia mke wangu, "Umeona?" Kumbe huo ndio ulikuwa mwanzo wa khatari yenyewe. Baada ya Magharibi tumbo lote lilikuwa gumu kama ubao, na hata kukohoa sikuweza.

Mwanafunzi wangu mmoja akaja na pikipiki yake ya boda boda. Mnajua kwamba neno hili limezaliwa hapa hapa petu mpakani. Ni jina walilopewa wenye baiskeli waliokuwa wakichukua watu baina ya kituo cha mpaka cha upande huu na cha upande wa pili, na leo latumika Afrika ya Mashariki nzima. Nimepanda boda boda mara zisizo na hesabu, lakini usiku ule kila shimo la njia lilikuwa kama kisu. Upande wa pili mkwe wangu alikuwa akingoja na gari, akanipeleka Tororo, mahali anapokaa binti yangu. Nakumbuka nilipouona mwamba wa Tororo umesimama mweusi katika mbalamwezi, nikasema moyoni kwamba huenda nisiuone tena.

Daktari alinibonyeza tumbo, akaniuliza, "Mzee, umeumwa siku ngapi?" Nikamwambia siku tatu. "Na umekunywa nini?" Nikamweleza yote. Hakunikaripia. Alinieleza kwamba mahali utumbo mpana unapoanzia pananing'inia kifuko chembamba, kiasi cha kidole, nasi kwa Kiswahili chetu twakiita kidole tumbo. Mlango wake ukiziba, huvimba na kujaa usaha, na kisipotolewa huweza kupasuka kwa muda wa siku mbili au tatu. Kikipasuka, maumivu hupungua kwa saa chache, ndipo uchafu huenea tumboni mote. Tena dawa ya kuharisha huufanya utumbo ujikamue, na kitu kilichovimba kikikamuliwa hukaribia zaidi kupasuka. Ndugu zangu, sanamaki ni dawa njema. Lakini dawa njema isiyo mahali pake ni kama ngazi nzuri iliyowekwa kwenye ukuta usio wa nyumba yako.

Nikatia sahihi. Nikaomba nafasi ya kusema na mke wangu, nikamtajia madeni yangu mawili na amana moja ya yatima iliyokuwa sandukuni. Nikatamka shahada, nikatiwa dawa ya usingizi.

Nilipozinduka nilikuwa na mpira puani, na mpira wa mkojo, na mpira mwingine ubavuni wa kutoa usaha, na sindano ya maji mkononi. Katika yote hayo, lililonishinda ni kiu. Mimi niliyekwisha funga Ramadhani arubaini na zaidi sijapata kuonja kiu kama ile. Sikuruhusiwa kunywa hata funda moja. Mke wangu alikuwa akinilowesha midomo kwa pamba. Nikafahamu kuwa mfungaji huvumilia kiu kwa kuwa anaijua saa ya kufuturu, na mgonjwa hana saa.

Siku ya pili akaja sista, binti wa Kipadhola, Mkristo, akaniambia, "Mzee, inuka." Nikadhani anatania. Mimi nilikuwa nikiamini kwamba mgonjwa ni wa kulala. Akanieleza kuwa mtu aliyepasuliwa akilala tu, damu huganda miguuni, na kifua hujaa makohozi hata mapafu yakaugua. Akanifundisha kugeuka kwanza kwa ubavu, kisha kuteremsha miguu, kisha kujisukuma kwa mkono, nisiinuke kwa nguvu ya tumbo. Akanipa mto, akasema, "Ukitaka kukohoa, ukumbatie juu ya jeraha." Siku ile nilikwenda hatua nne, nami nikijiona kama niliyekwenda Makka kwa miguu.

Kila asubuhi daktari alikuwa akiuliza swali moja mbele ya watu wote: "Sheikh, umetoa upepo?" Wallahi niliona haya. Miaka thalathini nimewafundisha watoto kwamba upepo hutengua udhu, na leo mtu mzima mwenye elimu aniuliza kama nimetoa, na nikisema bado, ahuzunika! Sista akanieleza kuwa matumbo yakishikwashikwa katika upasuaji hulala, na upepo ndio bishara ya kwamba yameamka. Usiku wa nne bishara ikaja. Nikamwita sista, nikamwambia kwa sauti ndogo. Akaitangaza wodi nzima, na wagonjwa wakanipongeza kama bwana harusi. Asubuhi nikapewa uji mwepesi, vijiko vitatu. Tangu siku ile, ninapotia udhu, humshukuru Mungu hata kwa kile kinachoutengua.

Sasa nije kwenye Sala, na hapa pana aibu yangu ya kwanza. Siku mbili sikusali. Nilisema moyoni: nguo zina damu, mpira unatoa mkojo, mkono umefungwa, ngoja nitahirike, nitakidhi. Mwanafunzi wangu aliyekuja kunitazama akaniuliza, kwa adabu, kama nimesali. Nikamweleza udhuru wangu. Akainamisha kichwa, akasema, "Sheikh, wewe ndiwe uliyetufundisha khabari ya Imran bin Huswayn." Naye huyo Sahaba alikuwa mgonjwa, na Mtume akamwelekeza asali kwa kusimama, na akishindwa asali kwa kukaa, na akishindwa asali kwa ubavu. Sheria haikusema angoje mpaka apone.

Basi yajueni haya, kwani wengi wenu hamjui, na mimi niliyejua niliyasahau. Jeraha la tumbo si kiungo cha udhu. Mwenye jeraha hilo huosha viungo vyake kama kawaida. Ikiwa mkononi pana sindano iliyofungwa plasta, huosha palipo pazima, hupangusa juu ya plasta kwa maji, na hutayamamu, kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi. Mwenye mpira wa mkojo ni kama mwenye maradhi ya kutokwa daima. Hutawadha wakati wa Sala ukiingia, akasali faradhi yake. Asiyeweza kuinama huashiria kwa kichwa. Nami nilipomwambia sista kuwa nataka kuelekea Kibla, aliuliza ni wapi. Nikamwambia kwetu hapa ni kaskazini, ikipinda kidogo mashariki. Akakigeuza kitanda changu kwa mikono yake mwenyewe, na tangu hapo hakuna aliyekirudisha. Mungu amlipe kheri.

Nina neno pia kwa nyinyi mliokuja kunizuru. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu mwenziwe. Lakini mlikuja watu ishirini kwa mara moja! Wengine walikaa juu ya kitanda, na kila kitanda kilipotikisika, jeraha lilitikisika nalo. Bwana mmoja, ambaye namwona hapa ameinama, alinisimulia majina ya watu watano waliokufa kwa kupasuliwa. Ndugu zangu, mgonjwa huzuriwa na wawili au watatu, kwa muda mfupi, mikono ikiwa imenawiwa, na maneno yakiwa ya matumaini. Kama mna nguvu zaidi, mchotee maji mwenye kumwuguza, kwani mke wangu alilala juu ya mkeka chini ya kitanda changu siku tisa, wala hakuna aliyemwuliza kama amekula.

Nilitoka Ramadhani ikiwa mlangoni. Daktari akanikataza kufunga, kwa kuwa jeraha hujengwa kwa chakula na maji, na dawa za kuua usaha nilikuwa sijazimaliza. Nikataka kukaidi. Nilikhofu watu watasema nini, sheikh kula mchana. Kisha nikajiuliza: je, ninafunga kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya majirani? Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa rukhusa ya kuhesabu siku nyingine, na zawadi ya mfalme hairudishwi. Nikala, na baadaye nikazilipa zote.

Sasa nafika kwenye lile neno zito.

Mwaka 2019 mama mmoja wa mtaa wetu alinijia baada ya Isha na mwanawe, kijana wa miaka kumi na minne, mwanafunzi wa madrasa yangu. Tumbo lilimuuma. Nilimsomea, nikampa kombe, nikamwambia mama yake, "Ngoja asubuhi, hili ni jicho la watu." Asubuhi nikampa jingine. Siku ya tatu kijana akasema maumivu yamekwisha, nasi tukafurahi. Usiku ule hali ikageuka, wakampeleka hospitali, akafariki kabla ya kufanyiwa lolote. Watu wakasema ajali yake imefika. Mimi ndiye niliyemsalia, na juu ya kaburi lake niliwaidhi khabari ya subira.

Sikujiuliza neno. Miaka mitatu na zaidi ikapita. Ndipo nilipolala pale Tororo, daktari akinieleza jinsi ugonjwa huu unavyoanzia kitovuni, ukahamia kulia, kisha ukampa mtu nafuu ya uwongo. Nikamwona yule kijana mbele ya macho yangu. Siwezi kuapa kwamba ulikuwa ugonjwa uo huo, wala kwamba angalipona. Umri uko mikononi mwa Mungu. Lakini zile siku tatu zilizopotea ni mimi niliyezipoteza, na juu ya hizo nitaulizwa.

Nilipoweza kutembea, mahali pa kwanza nilipokwenda ni kwa mama yule. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kukuomba radhi," nikamweleza yote. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Sheikh, mimi nilikuja kwako kwa kuwa nilidhani unajua. Siku nyingine kama hujui, useme hujui." Alinisamehe, Mungu amrehemu mwanawe, lakini akanitaka jambo moja: niyaseme haya mahali ambapo mama wengine watasikia. Ndiyo sababu nimesimama hapa leo, na kwa idhini yake.

Masheikh wenzangu, mnaikumbuka hadithi ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama ana rukhusa asioge. Wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume alighadhibika, akawalaumu kwa kumwua mwenzao, akawafahamisha kuwa tiba ya ujinga ni kuuliza. Wale walikuwa watu wema, wala hawakukusudia ubaya. Nasi twawaua watu wetu kwa wema.

Sisemi kisomo kiachwe. Mimi mwenyewe nilisomewa kitandani na nilipata utulivu. Nasema ngamia afungwe kwanza, kisha mtu amtegemee Mola wake. Basi shikeni haya: maumivu ya tumbo yasiyotulia kwa saa chache, yakafuatana na kutapika, au homa, au tumbo kuwa gumu, ni ya hospitali usiku ule ule. Mgonjwa asipewe dawa ya kuharisha. Na mwanamke wa umri wa kuzaa akishikwa na maumivu ya ghafla ya chini ya tumbo akazimia, asingojeshwe hata dakika moja, kwani huenda ni mimba iliyotunga nje ya kizazi, na damu inamwagika ndani.

Wako wasemao kuwa kisu ni jambo la Wazungu. Waambieni wasome. Abul Qasim Az-Zahrawi, Mwislamu wa Andalusi aliyefariki kiasi cha mwaka 1013, alitunga kitabu cha sehemu thelathini, na ya mwisho yahusu upasuaji, imechorwa vyombo vyake, na ndani yake amezungumza juu ya kushona kwa nyuzi za matumbo ya wanyama. Wazungu walikifasiri kwa Kilatini wakajifunza kwacho. Na kama mwataka ya karibu zaidi, mwaka 1879 mgeni mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akisomea udaktari, Robert Felkin, alishuhudia katika nchi ya Bunyoro waganga wenyeji wakimpasua mwanamke tumbo kumtoa mtoto. Walinawa na kumwosha kwa pombe ya ndizi, ambayo kwetu ni haramu kuinywa, lakini inasafisha. Wakafunga jeraha kwa misumari saba myembamba iliyozungushiwa uzi. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona, na mama na mwana walikuwa hai. Hayo yalitendeka Uganda hii hii, kabla ya reli.

Na mtu asidhani kuchelewa ni kosa la maskini peke yake. Mwaka 1902, mwaka ule ule ambao jimbo la mashariki la Uganda lilitolewa likatiwa upande wa Kenya, na mpaka ukasogezwa huku kwetu, Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alishikwa na ugonjwa huu huu siku chache kabla ya kuvikwa taji. Hakutaka kupasuliwa, kwani wageni wa dunia nzima walikuwa wamefika. Mwishowe alikubali, akapasuliwa tarehe 24 Juni, sherehe ikaahirishwa, na mwezi wa Agosti akavikwa taji akiwa mzima. Mfalme aliahirisha taji lake. Nasi hatutaki kuahirisha siku ya soko.

Namalizia kwa ombi. Kitanda cha pili yangu alilala mpagazi wa mpakani, naye alipasuliwa tumbo. Daktari alimwambia asiinue kitu kizito kwa wiki sita. Akauliza, "Na watoto watakula nini?" Hakuna aliyemjibu, hata mimi. Baada ya wiki tatu alikuwa akibeba mifuko ya simenti ya kilo hamsini. Ukuta wa tumbo ukaachia pale penye mshono, akapata ngiri, na sasa hawezi kubeba kitu maisha yake mpaka apasuliwe tena. Yasemwa kuwa katika hospitali ya Sultani Qalawun, iliyofunguliwa Kairo mwaka 1284, maskini aliyepona alikuwa akipewa fedha anapotoka, asilazimike kurudi kazini upesi. Waliyafahamu haya zaidi ya miaka mia saba iliyopita.

Kwa hivyo naiomba Jumuiya ifungue Sanduku la Wagonjwa, kila nyumba itoe kidogo kila mwezi, shilingi za Kenya kwa za Kenya na za Uganda kwa za Uganda. Pawe na watunzaji wawili, mmoja wa kila upande, na daftari lisomwe hadharani. Kazi zake ziwe mbili tu: gari la usiku kwa mgonjwa, na chakula cha wiki sita kwa nyumba ya aliyepasuliwa. Maradhi hayaulizi paspoti, wala sanduku hili lisiulize. Mimi naanza kwa kutoa zile fedha nilizopewa na watu kwa ajili ya makombe mwaka mzima kabla sijaugua. Nimezihesabu, ziko kwa Bwana Katibu. Na mama yule ameniambia atakuwa wa pili.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotutangulia, atusamehe tuliyoyatenda kwa kutojua, na atupe ulimi wa kusema hatujui pale tusipojua. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.